Dagaa kwenye sahani ya mbwa: wabichi, wakavu, au waliopita jikoni?

"Wa kula au wa mbwa?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa Feri, Dar es Salaam, kila nikiinamia beseni la dagaa na kuanza kuchagua. Muuzaji haulizi kwa ubaya. Kwake kuna mafungu mawili: lile linalong'aa, linalokwenda kwenye sufuria ya nyumbani, na lile lililopondeka, lililolala tangu jana, ambalo bei yake imeshuka mpaka unaona haya kuomba upunguziwe. Hilo la pili ndilo la mbwa, na kama limeshaanikwa likashika mchanga, basi ni la kuku.

Swali lake lina uzito kuliko anavyodhani. Siku hizi mijini wapo wafugaji wengi wanaowalisha mbwa mlo mbichi: nyama, mifupa, maini na utumbo visivyopikwa, badala ya chakula kikavu cha mfuko au ugali wa jana. Mtindo huu ulivumishwa miaka ya 1990 na daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, na umetufikia kupitia simu zetu, pamoja na ushauri wake wote na ugomvi wake wote. Mtu akishazoea kununua mabaki ya buchani, swali linalofuata ni samaki: nimwongezee mbwa samaki gani wa bei ndogo, na nimpe mbichi au la? Hapo ndipo majibu yanapogongana. Huyu anasema samaki mbichi ni dawa ya ngozi na manyoya, yule anasema utamuua mbwa kwa wiki mbili. Wote wawili wana chembe ya ukweli, kwa kuwa kila mmoja anamzungumzia samaki wake, wa maji ya kwao.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa, asiyekubali akae tayari kunibishia: samaki wa bei ndogo ndiye bora kwa mbwa, kumshinda jodari na nguru. Lakini ndiye kitu pekee kwenye sahani mbichi ambacho ningekipitisha jikoni kwanza.

Kinachotafutwa kwa samaki

Si protini. Mbwa anayekula nyama ya ng'ombe na shingo za kuku protini anayo ya kutosha na ya kumwaga. Vinavyopungua kwenye sahani yake ni mafuta ya omega-3 ya aina ya EPA na DHA, vitamini D na madini ya joto, yaani iodini. Nyama ya buchani haina vitu hivyo kwa kiasi cha maana, na kuku wa kisasa aliyelelewa kwa mahindi na soya ana mafuta mengi ya omega-6 na machache sana ya omega-3. Mafuta ya mbegu za kitani yanayosifiwa madukani nayo hayamfai mbwa kama tunavyodhani: mwili wake hugeuza sehemu ndogo tu ya omega-3 ya mimea kuwa EPA na DHA.

Habari ya vitamini D huwashangaza watu. Sisi binadamu tukikaa juani ngozi yetu hutengeneza vitamini hiyo. Ngozi ya mbwa haiwezi kazi hiyo kwa kiasi kinachotosha. Mbwa anayelala juani uani Tanga kutwa nzima, mpaka manyoya yanachoma ukimshika, bado inabidi aipate vitamini D kwa mdomo, na samaki wenye mafuta ni miongoni mwa vyakula vichache vinavyoileta kwa wingi.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo, na hii ndiyo habari njema kwa mfuko. Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2006 kuhusu lishe ya mbwa na paka, liliweka gramu 0.11 za EPA na DHA kwa pamoja kwa kila kilokalori 1,000 anazokula mbwa mzima, na likaweka dari ya gramu 2.8 kwa kiasi hichohicho cha chakula. Mbwa wa kilo 20 hula kilokalori 1,000 hadi 1,200 kwa siku, kwa hiyo mahitaji yake ya wiki nzima hayafiki gramu 1. Dagaa wa baharini wa kopo wana kama gramu 1 ya mafuta hayo kwa kila gramu 100. Maana yake, kiganja kimoja cha samaki mwenye mafuta kwa wiki kinamfikisha kwenye kiwango cha chini, na hata akila mara tatu zaidi bado yuko mbali na dari. Anayeuziwa chupa ya mafuta ya samaki kwa bei ya kuku mzima angefanya hesabu hii kwanza.

Udogo nao una faida yake. Zebaki hupanda ngazi: samaki mdogo anayo kidogo, mkubwa anayekula wadogo anajilimbikizia, na anayemla huyo anajilimbikizia zaidi. Papa na jodari wakubwa wako juu ya ngazi hiyo. Dagaa yuko chini kabisa, anakula vijidudu vya majini, na maisha yake ni mafupi hata hana muda wa kukusanya sumu nyingi. Tena unampa mbwa samaki mzima, na kichwa, macho, utumbo na mifupa yake laini yenye kalsiamu. Kipande cha jodari ni mnofu mtupu.

Kimeng'enya kinachokula vitamini

Basi kwa nini nisimmiminie mbwa dagaa wabichi kama walivyotoka kwenye wavu?

Mwaka 1932, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, mbweha wa kufugwa kwa ajili ya manyoya walianza kupooza na kufa kwenye shamba la mfugaji mmoja aliyeitwa Chastek. Walikuwa wakilishwa samaki wabichi wa jamii ya kapu. Ugonjwa ukapewa jina la mfugaji, na chanzo chake kikaja kujulikana: ndani ya miili ya samaki wale mna kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, ambacho huvunja vitamini B1, yaani thiamini. Hakivunji ile ya samaki peke yake. Ukichanganya samaki huyo na nyama na maini kwenye sahani moja, kinaimaliza na ile iliyomo kwenye maini. Mnyama anakula anashiba, na huku anakufa njaa ya kitu kimoja.

Mbwa aliyeishiwa thiamini huanza kwa kukataa chakula na kutapika. Baadaye huyumba kama mlevi, shingo hupinda, mboni za macho hutanuka, na mwisho ni degedege. Akiwahiwa na sindano ya B1 anaweza kuinuka haraka. Akichelewa, ubongo unabaki na jeraha. Haitokei kwa mlo mmoja. Ni kazi ya wiki kadhaa za kula samaki hao kila siku au karibu kila siku, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu chakula cha bei ndogo ndicho kinachorudiwa kila siku.

Thiaminasi haimo kwa kila samaki. Hupatikana sana kwenye koo mbili, ukoo wa kapu na ukoo wa samaki wadogo wa fedha wa jamii ya sadini, na pia kwa baadhi ya ndugu zao. Sasa tazama dagaa wetu. Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambaye Wakenya wanamwita omena na Waganda mukene, kwa jadi ya wataalamu yuko upande wa kapu. Dagaa wa Kigoma ni jina moja la samaki wawili tofauti wa Ziwa Tanganyika, na wote wawili ni wa jamii ya sadini. Mmoja wao alihamishiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wenzetu wa Goma na Bukavu wanamla leo kwa jina la sambaza. Dagaa mchele wa pwani ni jamii ya anchovi, ndugu wa karibu wa sadini. Ukiwaweka mezani pamoja, karibu kila dagaa anayeuzwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili ametoka kwenye koo ambazo kimeng'enya hicho kinapenda kukaa, au jirani yake mlango kwa mlango. Si kila aina katika koo hizo inacho. Lakini beseni la sokoni halina lebo, tena mara nyingi aina zimechanganyika.

Dawa yake ni moto. Thiaminasi huharibika ikichemshwa, na dakika kumi za kutokota zinatosha kwa samaki wa ukubwa wa kidole. Kugandisha hakusaidii: kimeng'enya kinalala, na ukiyeyusha samaki kinaamka. Ni kweli kwamba moto unaunguza pia sehemu ya thiamini ya samaki mwenyewe, na nyingine inayeyukia kwenye supu. Hasara hiyo ni ndogo, na supu ukiipoza na kummiminia mbwa umeirudisha. Ila kama dagaa walikuwa wa chumvi, supu hiyo imwage.

Hapa wapenzi wa mlo mbichi hunikasirikia, maana wanaona mtu akishawasha jiko amevunja imani. Mimi naona nyama, mifupa ya kuku na maini vinaweza kubaki vibichi kwa anayetaka hivyo, na dagaa wakaingia sahanini wameiva. Tumbo la mbwa halitambui madhehebu.

Na wale wasiofuata mlo mbichi, wanaompa mbwa ugali na dagaa kama babu zetu? Hao nao wasikilize jambo moja. Mbwa si mbwamwitu kamili: utafiti uliotolewa Sweden mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga. Ugali anaumudu. Lakini sembe, ule unga mweupe uliokobolewa, umeondolewa kiini na pumba, na thiamini nyingi imeondoka navyo. Dona imebaki nayo. Mbwa anayekula ugali wa sembe uliochanganywa na dagaa wabichi amenyang'anywa B1 kinuni, akaja kunyang'anywa tena sahanini. Dona iliyochemka na dagaa walioiva ni mlo wa heshima zaidi, mradi mahindi yasiwe na ukungu, kwani sumukuvu humuua mbwa kabla haijamgusa mwenye nyumba.

Waliokauka kwa jua, waliochemshwa, waliokaangwa

Neno "dagaa wakavu" linaficha mambo manne, na kila moja lina hukumu yake.

Dagaa wa Mwanza na Musoma kwa kawaida huanikwa juani moja kwa moja. Hawajaona moto. Kwa hiyo ukavu wao usikudanganye ukadhani wameiva: walowekwe, waoshwe, wachemshwe. Wengi huanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, na mchanga huo unasafiri nao mpaka kwenye gunia. Wa kwenye vichanja ni ghali kidogo na ni wasafi zaidi, nami hulipa hiyo tofauti, maana mchanga ni mzito na hupimwa kwenye mizani pamoja na dagaa. Ukinunua kilo ya dagaa wa kuku, sehemu ya pesa yako umenunulia ufukwe. Waoshe kwa kuwamwagia maji, koroga, nyanyua dagaa kwa mkono na uache mchanga chini ya beseni. Rudia mpaka vidole visisikie chenga.

Dagaa mchele wa Unguja wengi huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo wakaanikwa, na shehena kubwa huvuka kwenda Kongo. Hawa habari yao imegeuka: moto wameshauona, kimeng'enya kimekwisha, kilichobaki ni chumvi. Loweka, mwaga maji, loweka tena. Waliokaangwa kwa mafuta waachie watu, kwa kuwa mafuta mengi kwa mkupuo huweza kuwasha kongosho la mbwa, na hilo ni gonjwa la kulazwa. Wa moshi nao wameiva, ila wana uchungu na huo si mlo wa kila wiki.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Jua na hewa huunguza mafuta ya samaki. Dagaa mkavu aliyekaa miezi gunini amebaki na protini na kalsiamu, lakini zile omega-3 ulizomnunulia nyingi zimechacha. Rangi huhama kutoka fedha kwenda njano na kahawia, na harufu inakuwa kali ya kukereketa kooni. Mafuta yaliyochacha si hasara tu, yanakula na vitamini E ya mnyama. Kwa hiyo kama shida yako ni ngozi kavu na manyoya yaliyofifia, tafuta wabichi au wa kopo. Kama unataka kalsiamu na kitoweo cha kuongezea nyama, wakavu wanafaa.

Na kwenye soko lililojaa inzi kila mahali, fungu la samaki wakavu ambalo hata inzi mmoja halisogelei mimi nalipita. Inzi si mwenzangu, lakini pua yake naiamini.

Minyoo, jokofu, na salmoni wa watu

Onyo linalosambaa zaidi kuhusu samaki mbichi na mbwa ni lile la salmoni: mbwa anakula, anapata homa, na asipotibiwa anakufa ndani ya siku chache. Ugonjwa huo upo kweli na ni mbaya. Bakteria wake anasafiri ndani ya mnyoo mdogo, na mnyoo huyo anahitaji konokono wa aina yake anayeishi kwenye mito ya pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia kaskazini mwa California, Oregon na Washington. Pasipo konokono huyo mzunguko haukamiliki. Anayeishi Portland au Seattle na mbwa wake, na Waswahili wapo huko, aliogope kwa moyo wote. Wa Kisumu au Bagamoyo ana mambo mengine ya kuogopa.

Nayo ni minyoo ya kwetu. Dagaa wa Ziwa Viktoria ukimpasua tumbo wakati mwingine unakuta utepe mweupe mrefu karibu kumpita yeye mwenyewe. Huyo ni tegu anayekomaa ndani ya ndege walao samaki, si ndani ya mbwa, ila akionekana hamu ya kula inakata. Samaki wa baharini kama vibua huweza kubeba mabuu ya minyoo ya anisakisi, na hao humsumbua mbwa kama wanavyomsumbua mtu. Moto unawamaliza wote. Baridi pia inawamaliza, kwa masharti: mwongozo wa Marekani kwa samaki wanaoliwa wabichi ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Friza nzuri inafika hapo. Kile kisanduku cha barafu ndani ya jokofu dogo hakifiki, na ukijumlisha umeme unaokatika saa sita mchana ukarudi magharibi, hesabu ya siku saba imevurugika. Sufuria haikatikiwi na mtu.

Vibua, jodari na wenzao wana shida nyingine isiyotibika kwa moto wala barafu. Wakikaa bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, na ikishatengenezwa haiondoki. Hata kopo haliiondoi kama samaki aliingia kiwandani ameshaharibika. Mbwa hutapika, huharisha, huvimba uso. Ndiyo maana lile fungu "la mbwa" la alasiri, lililoshinda juani, mimi silitaki hata nikipewa bure. Vibua ninunue asubuhi, macho yamejaa na mashavu ni mekundu, au nisinunue.

Kwa wa pwani, nyongeza moja: bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha. Wavuvi wakimtoa wavuni humtupa mchangani, na mbwa wanaotembezwa ufukweni alfajiri wanamkuta. Sumu yake haiishi kwa kupikwa, na haina dawa ya kuizimua. Mbwa anayezurura Msasani au Nyali afundishwe kuachia kitu mdomoni akiambiwa, na afundishwe kabla hajakutana naye.

Mifupa na vichwa

Mifupa ya dagaa haina neno, iwe mibichi au iliyochemshwa. Shida ni samaki wa kiganja na kuendelea. Sato ana miiba migumu ya mgongoni, na kambale ana mwiba wenye meno kila upande wa kichwa, ambao ukishaingia kooni mwa mbwa hautoki kwa kuvutwa. Sato wadogo wasiouzika ni rahisi sana kandokando ya maziwa, na wanafaa, ila mapezi yakatwe kwa mkasi kwanza.

Mapanki ndiyo fursa kubwa iliyosahaulika. Hiyo ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa kwenda nje. Hilo ndilo jina lake kule Mwanza, na Kenya husema mgongo wazi. Yana nyama ya kutosha mbavuni, mafuta kichwani, na bei yake ni ndogo. Lakini uti wa sangara ni mfupa kweli. Ukiuchemsha nusunusu au kuuchoma unakatika kwa ncha kali. Njia ni sufuria ya presha: saa nzima au zaidi, mpaka mfupa unapondeka kati ya vidole viwili kama kiazi. Kisichopondeka kinatupwa. Ukishapoa unapata uji mzito wa samaki, unaugawa kwenye vifurushi na kuugandisha.

Samaki wa kopo si uvivu. Kwa asiye na friza ndiye chaguo la akili, maana ameivia ndani ya kopo, mifupa imelainika na mafuta yake hayajakutana na hewa. Shida ni kwamba wengi madukani wako kwenye mchuzi wa nyanya wenye chumvi, na baadhi una kitunguu, ambacho ni sumu kwa damu ya mbwa. Soma maandishi. Walio ndani ya maji ndio wa kutafutwa. Wa nyanya isiyo na kitunguu waoshwe kwenye chujio.

Kiasi

Wanaolisha mlo mbichi huanzia asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mbwa kwa siku. Mbwa wa kilo 20 atakula kama nusu kilo, kilo tatu na nusu kwa wiki. Samaki wakichukua sehemu moja ya kumi ya hapo, ni gramu 350 za wabichi, na mimi sioni sababu ya kuzidisha. Wakavu usiwapime kwa mizani hiyohiyo. Samaki mbichi robo tatu yake ni maji, na dagaa mkavu maji yamebaki kidogo sana, kwa hiyo gramu 350 za wabichi ni sawa na kama gramu 100 za wakavu. Kosa hili nimelifanya mwenyewe: nilimpimia mbwa wangu dagaa wakavu kama wabichi, akaharisha siku mbili, na jirani akanishauri nimpe mkaa.

Anza na kijiko kimoja, kaa siku tatu, angalia choo. Gawanya kiasi cha wiki kwa milo miwili au mitatu. Samaki wakishaingia kwenye mlo kwa kudumu, mahitaji ya vitamini E hupanda, na daktari wa mifugo atakupangia dozi kwa uzito wa mbwa. Watoto wa mbwa, hasa wa mbegu kubwa kama jamani shepadi na roti, wasitengenezewe mlo kwa kukisia. Kalsiamu ikizidi au ikipungua mifupa inapinda, na dagaa wakavu wana kalsiamu nyingi kuliko mtu anavyodhani akitazama udogo wao.

Kuhusu ubichi wa sahani yenyewe nitasema kidogo, maana ni ugomvi mkubwa kuliko samaki. Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2012 kupinga kumlisha mbwa nyama isiyopikwa, na hoja yake ya msingi ilikuwa ni bakteria wa salmonela na wenzake, wanaoweza kumpita mbwa bila kumdhuru wakamfikia mtoto anayetambaa sakafuni. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, mimi ningepika kila kitu, si dagaa peke yao. Na sahani ya mbwa haioshwi kwenye sinki la vyombo vya watu, jambo ambalo pwani hakuna haja ya kumfundisha mtu.

Lililobaki ni la ununuzi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: samaki hufuata mwanga na wavu hupita chini yao. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti tena, mitumbwi inapumzika, na bei inapanda kwa siku hizo mpaka giza lirudi. Anayenunua katikati ya giza anapata wengi, wazuri, kwa bei ya chini. Mimi hununua kilo tatu hapo, nazichemsha siku hiyohiyo bila chumvi, nazigawa kwenye mifuko ya gramu 350 na kuzigandisha na supu yake. Nikiulizwa ni wa kula au wa mbwa, najibu ni wa kula, ili nipewe lile fungu la kwanza.